Aliyetia Sahihi Jumatatu

Karani hakuinua uso. Kidole chake kilishuka kwenye daftari mstari kwa mstari, kikasimama.

"Wewe umeshasajiliwa."

"Hapana, baba. Ndiyo kwanza nafika. Gari liliharibika njiani, tumelala porini."

"Umesajiliwa Jumatatu iliyopita. Umechukua godoro, kadi ya chakula na ufunguo wa kabati. Sahihi yako hii hapa." Akaligeuza daftari. "Jina lako si hili?"

Majina yalikuwa yake yote matatu, lake mwenyewe, la baba na la babu. Mbele ya majina palikuwa na sahihi iliyoandikwa kwa mkono mtulivu, yenye mkia mrefu uliorudi chini ya jina lote kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Binti wa dobi hakuwahi kuandika kitu cha namna ile. Yeye akitakiwa kutia sahihi huandika jina lake kwa herufi za shule, moja moja, kama anapanda mbegu.

"Hii si yangu," akasema.

Foleni nyuma yake ikacheka. Mmoja akasema, "Dada, kama sahihi huitaki tupe sisi."

"Kila mwaka mnakuja na hii," karani akasema. "Mtu anataka kadi ya pili ale mara mbili. Haya, barua yako ya kuitwa chuo iko wapi?"

Barua ilikuwa ndani ya sanduku. Mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya kufua na kupiga pasi, na hajapata kumkabidhi mteja kitu chenye kunyanzi. Aliogopa barua ile isije ikakunjamana mkononi mwa mtoto, akailaza katikati ya shuka mbili zilizonyooka, akafunga sanduku, akabandika karatasi ya jina juu yake na kulitanguliza kwa lori la jirani. Binti alikuwa alifuate kesho yake. Alfajiri ya siku hiyo mama akashikwa na tumbo, akapelekwa hospitali kupasuliwa, na binti akabaki kumwuguza. Sanduku likaenda peke yake. Lilimtangulia siku tisa.

"Usajili ulifungwa Ijumaa," karani akasema. "Kama wewe ndiye huyu, umeshasajiliwa, nenda darasani. Kama wewe si huyu, umechelewa, nenda nyumbani. Sasa mimi hapo unataka nikusaidie nini? Anayefuata!"

Bweni lilikuwa na korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu. Chumba kilichoandikwa daftarini kando ya jina lake kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kimoja alikaa msichana mnene mchangamfu akisuka nywele zake mwenyewe bila kioo. Chuo kizima walimwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Karibu. Unamtafuta nani? Kama ni Mtawa, ametoka."

"Mtawa ni nani?"

"Mwenye kitanda hicho. Tumempa jina hilo kwa sala zake. Mpole huyo, hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Mama yake ni dobi, unaona shuka ilivyolala? Maskini, wiki iliyopita kapasuliwa tumbo. Jana ndiyo mama mtu kapiga simu kwa matroni, wakaongea, mwenzangu akarudi hapa analia kimya kimya."

Binti alikitazama kitanda. Ncha za shuka zilikuwa zimekunjwa mara mbili na kuingizwa chini ya godoro kama bahasha. Hakuna mtu aliyekuwa akikunja hivyo ila mama yake. Chini ya kitanda lilikuwepo sanduku, na juu ya sanduku, zimepangwa pamoja, ndala zake mwenyewe.

"Mama yake anaumwa tumbo tangu lini?" akauliza, na sauti yake akaisikia mbali kidogo.

"Sikiliza maswali ya watu! Wewe ni ndugu yake nini? Maana hata paji la uso mmelingana." Redio akachungulia dirishani. "Huyo anakuja."

Kwenye njia ya changarawe alipita msichana ndani ya gauni la samawati. Gauni lile binti alilivaa siku ya kupokea matokeo. Alijua mahali liliposhonwa kwapani, alijua jinsi linavyobana bega la kulia. Akasimama dirishani akijiona anatembea, anapinda kona ya bomba, anainama kuokota kibanio kilichodondoka kwenye kamba ya nguo. Akashika ukingo wa dirisha ili ajue kwamba mikono yake anayo.

Mlango ukafunguliwa. Msichana yule hakushtuka wala hakukimbia. Alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma anwani.

"Umechelewa," akasema.

Walizungumza nyuma ya bweni, katikati ya shuka zilizoanikwa. Msichana hakuficha kitu.

Yeye hakuitwa chuo. Matokeo yake yalikuwa mazuri lakini jina halikutoka, na kabla hajapata nguvu ya kusema, mama yake alishatangaza mtaa mzima na watu wakaja kumuaga. Akaona haya, akapanda gari. Getini akajifanya mbeba mizigo ya wanafunzi ili asiulizwe anangoja nini. Jumamosi likashushwa sanduku lisilo na mtu, likalala getini Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatatu mchana.

"Nikajua umekufa," akasema. "Mtu mzima haachi sanduku lake siku tatu. Nikasema huyu amekufa na nafasi yake inakufa naye. Nikafungua. Nikakuta barua ya chuo, na barua ya mama."

"Ukaisoma barua ya mama yangu?"

"Nimefuata kila alichoandika. Nyeupe sijazichanganya na za rangi. Ncha za shuka nazikunja mara mbili. Alisema usali kabla ya kula hata kama wenzio wanacheka, nikasali, wakacheka. Na wewe nimekuombea kila siku, upumzike kwa amani."

Upepo ukazipeperusha shuka, na kwa muda kidogo kila mmoja akaona kivuli tu cha mwenzake.

"Mimi sijafa," binti akasema.

"Naona." Alisema bila dhihaka, kwa masikitiko kidogo, kama mtu aliyezoea msiba wake.

Matroni alikuwa mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza wote wawili, akafunga mlango, akawapa simu yake. "Pigieni huyo mama. Nianze na mtu mzima."

Simu ilipopokelewa binti akasema, "Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Kulikoni tena? Si tumeongea jana?"

"Jana nilikuwa porini, mama. Gari liliharibika."

Nyuma ya mama ikasikika sauti ya shangazi akiuliza kuna nini.

"Sikupokea simu yako jana, mama. Leo ndiyo nafika."

"Basi jana," mama akasema taratibu, "jana nimeongea na nani?"

Msichana wa gauni la samawati alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikimchezacheza.

Matroni akachukua simu yake. "Nisikilizeni. Nikilipeleka hili kwa mkuu wa chuo, mmoja wenu anaondoka na askari kwa kuiba jina, mwingine anaondoka kwa kuchelewa. Kitanda anapewa mtu mwingine, wapo arobaini wanangoja. Mimi nimechoka kufungasha masanduku ya watoto wa watu. Daftari langu lina mtu mmoja. Keshokutwa Jumatano anakuja mpiga picha wa vitambulisho, na kila jina lina picha moja. Atakayekaa kwenye kile kiti ndiye mwenye jina. Lakini awe na mwandiko ule."

"Mwandiko upi?" binti akauliza.

"Hiki ni chuo cha ualimu, mwanangu. Wiki iliyopita walifanya jaribio la mwandiko, kurasa nne. Linakaa kwenye faili mpaka unahitimu, na kila muhula wanalitoa kulinganisha. Ukiandika tofauti utaulizwa ni nani aliyeandika lile."

Nyumbani shangazi mtu alisimama mlangoni amenyoosha mikono kama anazuia ng'ombe.

"Wifi, una nyuzi tumboni! Utapasuka kwenye gari kama gunia!"

"Nipishe."

"Mtoto amefika, mtoto amepiga simu, unataka nini tena?"

"Niliosema nao kwa simu ni wawili," mama akasema, akijifunga kitambaa kiunoni juu ya kidonda. "Na wote wameniita mama. Na wa kwanza nilimwitikia, wifi. Nikamwombea dua nzima, nikamwambia mambo ya tumboni mwangu. Nimemzaa mmoja, nikamnyonyesha, nikakaa naye miaka kumi na tisa, na sikutambua kuwa si yeye."

Shangazi akashusha mikono. Hilo lilimtisha kuliko nyuzi.

Jumanne kutwa binti alikaa mezani na daftari la yule mwenzake, akinakili. Redio alikuwa kitandani akila karanga.

"Mimi sijaona kitu," Redio akasema. "Na kama nimeona, sijui kusimulia." Kisha akacheka peke yake, maana hata yeye alijua hakuna atakayeamini.

Usiku uliopita wasichana wale walilala kitanda kimoja, kichwa na miguu. Asubuhi mwenye gauni alikuwa amesema, "Kile kiti nikae mimi. Wewe ukirudi kwenu utapokewa."

"Jina ni langu."

"Jina ni lako. Na nafasi je? Nani aliiamkia saa kumi na moja wiki nzima? Ungeikuta?"

Swali hilo lilimchoma binti kuliko wizi. Akaendelea kunakili. Yule mwingine alilala chali akitazama dari, lakini kila kalamu ilipokwaruza shingo yake ilikaza, mpaka akashindwa.

"Umeinua kalamu. Usiinue."

"Nisipoinua inaparuza."

"Inaparuza kwa sababu unaisukuma. Ivute." Akashuka, akasimama nyuma yake, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, chenye harufu ya sabuni ya mama. "Herufi zote zimeshikana mikono, hakuna anayeachwa. Mwishoni unashuka, unarudi chini ya zote. Tena. Tena. Hapana, hapo umejiandika wewe. Tena."

Kufikia magharibi kurasa kumi zilikuwa zimejaa. Ukurasa wa mwisho Redio aliuinua dirishani, akauangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akakosa neno.

"Huu umeandika nani kati yenu?" akauliza baadaye.

"Mimi," wakajibu wote wawili, kisha wakatazamana.

Jumatano mpiga picha alitandika kitambaa cheupe ukutani na kuweka kiti mbele yake. Karani alikaa na daftari pembeni. Ulikuwa utaratibu wa kutia sahihi kwanza, kisha kiti. Wasichana walikuwa wote kwenye foleni. Mwenye gauni la samawati alikuwa mbele, binti akimfuata nyuma.

Mama aliingia getini akitembea pembenipembeni, mkono tumboni. Aliliona gauni la mwanawe. Miguu ikamtangulia.

"Shikamoo mama," msichana akasema, akampokea mfuko.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, ndipo akamtazama usoni.

Alimtazama kwa muda mrefu. Walioona walidhani ni mama na mwanawe hawajaonana siku nyingi. Binti alisimama hatua mbili nyuma, hajaamkiwa, akimngoja mama yake amwone.

"Ni wewe uliyepokea simu," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Ni mimi."

"Uliniuliza nimekula nini, na kidonda kinaendeleaje." Akageuza macho kwa binti. "Huyu wangu wa kuzaa juzi hakuniuliza hata kidogo."

"Mama!" binti akasema, machozi yakamtoka.

"Nyamaza, nakuona. Mungu akusamehe, na mimi pia." Akamrudia yule mwingine. "Kwenu wanajua uko wapi?"

"Wanajua niko chuoni."

"Twende kwangu. Nina nguo za watu zimenilalia zaidi ya siku kumi, na tumbo hili haliruhusu pasi. Utakula, utalala, mwakani utaomba tena kwa jina lako. Kwenu utaandika wewe mwenyewe ukipata moyo. Toka hapo."

Msichana alikitazama kiti. Mpiga picha alikuwa anafuta lenzi kwa shati. Foleni ikasogea, nafasi ikabaki wazi mbele yake, hatua moja tu, na hakuna mtu ambaye angemzuia. Kisha msichana akajitoa kwenye mstari, na palipokuwa pake akasimama binti wa dobi.

Karani akaisukuma kalamu, akatazama, akakumbuka.

"Si wewe juzi ulilia hapa kwamba sahihi si yako?"

"Nilikuwa na homa, baba."

"Haya, tia hapa tuone homa imepona."

Akaandika. Herufi zilishikana mikono, mkia ukashuka, ukarudi chini ya jina lote. Karani akailinganisha na ile ya juu. Hapakuwa na tofauti, na labda ndiyo maana hakuridhika. Akamwona mama, kitambaa kichwani, tasbihi imezungushwa kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Nakuona wewe ni mtu wa Mungu. Niambie, alifika hapa lini?"

Mama aliwahi kumrudisha mteja senti alizozikuta mfukoni mwa suruali. Aliwahi kukaa mwezi bila kazi kwa kukataa kusema shati limeungua kwa mwingine. Nyuma yake msichana wa gauni la samawati alikuwa ameshika mfuko kwa mikono miwili, na mbele yake mwanawe alikuwa amesimama ndani ya mwandiko usio wake. Ukweli ulikuwa neno fupi tu, na lingewatoa wote wawili getini kabla ya adhuhuri.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," akasema.

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Karani akagonga mhuri. Binti akakaa kwenye kiti. "Usitabasamu," mpiga picha akasema, na hakuna aliyekuwa anatabasamu.

Wenzake walimwita Mtawa naye akaitika. Alisali kabla ya kula saa ile ile, kwa urefu ule ule, maana Redio alimnong'oneza pale alipokatisha mapema. Mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni: "Wewe, malizia ile uliyoanza juma lililopita." Akasimama mbele ya nusu ya hesabu iliyoandikwa kwa mkono anaoujua, akamalizia. Ikawa sawa. "Umepungua kasi," mwalimu akasema, "lakini sawa." Wiki ya nne aliacha kufikiria mkia wa sahihi. Ulikuwa unakuja wenyewe. Siku moja alijaribu kuandika jina lake kwa herufi za zamani, moja moja, nyuma ya daftari; akaanza vizuri, lakini kufikia katikati herufi zilishaanza kushikana.

Nyumbani msichana alipiga pasi tangu asubuhi. Hakuwahi kuunguza kitu. Shangazi, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alishajikuta mara mbili akimwita kwa jina la aliye chuoni, na mara zote mbili msichana aliitika. Wateja walimwuliza mama kama mtoto wake hakwenda chuo. "Alikwenda," mama alijibu, akawahi kuhesabu mashati.

Kilichomsumbua ni sala. Tangu siku ya mhuri, kila alipofika mahali pa kumtaja mwanawe, ulimi ulisimama. Alikuwa ameapa kwa Mungu kwamba aliyefika Jumatatu ni mwanawe. Sasa akitaja jina lile hakuwa na uhakika Mungu anamwelewa anamwombea yupi.

Mwezi wa pili ikaja barua. Mama aliifungua amekaa kwenye ngazi ya mlango, akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili. Mwanawe alikuwa mzima. Alishika nafasi ya nne darasani. Alimwuliza kidonda, alimwuliza amekula nini, alimwombea kheri mistari mitatu. Mama aliipeleka karatasi karibu na macho, kisha mbali. Akainuka, akaingia chumba cha pasi, akamwonyesha msichana.

"Nisaidie. Huu mwandiko ni wa nani?"

Msichana akafuta mikono, akaipokea barua kwa ncha za vidole. Akafuata mstari wa kwanza, wa pili, akashuka mpaka mwisho, pale mkia ulipoteremka na kurudi chini ya jina.

"Ni wangu, mama," akasema, akamrudishia, akageukia pasi yake, maana shati lilikuwa linaanza kukauka.